Somo: Kushika gesi ya friji kwa usalama unapounda sanduku la baridi

Assalamu alaykum. Anayetaka kuigeuza friji ya mtumba iwe sanduku la kuhifadhia samaki, awe Wete au Mkokotoni, aanze na gesi iliyomo ndani kabla ya kufikiria mbao na mfuniko. Gesi hiyo haihitaji moto ili idhuru. Katika joto letu la digrii 32, mtungi wa R134a, gesi mojawapo ya friji, huwa na msukumo wa takriban bari 7, na wa R410A, gesi ya viyoyozi, hukaribia bari 19, wakati tairi la gari dogo huwa na bari 2 na kidogo.

Hatua ya kwanza ni kusoma kibandiko kilichopo kwenye kompresa (pampu inayosukuma gesi) au mgongoni mwa friji, kinachotaja jina la gesi. Gesi za R600a na R290 huwaka upesi. R32 nayo huwaka, ingawa kwa shida zaidi. Kibandiko kikiwa kimefutika, ichukulie kuwa ni gesi inayowaka.

Hatua ya pili, chomoa umeme na uitoe friji nje, mahali penye upepo. R600a ni nzito kama mara mbili ya hewa, kwa hiyo hutambaa chini mpaka ikutane na jiko la mkaa, hata kama jiko liko mbali na pale ulipo.

Hatua ya tatu, vaa miwani ya kazi na glavu za ngozi, kwani R134a huchemka katika digrii 26 chini ya sifuri na tone lake hugandisha ngozi mara moja.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa zaidi. Usikate bomba wala usilichomelee kabla fundi mwenye mashine ya kufyonza gesi hajaitoa yote. Hata baada ya hapo, tumia kikatio cha bomba badala ya moto, kwa sababu mafuta ya kompresa hubakia na gesi iliyoyeyuka ndani yake. Ukiyamimina utayaona yakitoa mapovu kwa muda. R134a ikipita kwenye moto hutoa asidi na hewa yenye sumu.

Mtungi uliotiwa gesi hiyo ukae wima kivulini, usijazwe zaidi ya asilimia 80, na usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

MASUALI YA WANACHAMA

Maalim, naweza kutia gesi ya kupikia badala ya R134a?
Hapana, ndugu yangu. Friji ya R134a ina swichi na thamostati (kidhibiti cha baridi) zinazotoa cheche, kwa vile haikuundwa kwa gesi inayowaka. Tena gesi ya kupikia ni mchanganyiko usio na kipimo kimoja, na huweza kuwa na unyevu unaoganda na kuziba kapilari, yaani kibomba chembamba cha gesi.

Fundi wetu hana gesi ya naitrojeni ya kujaribia mabomba. Tujaribu uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea?
Kamwe msifanye hivyo. Oksijeni yenye msukumo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Subirini naitrojeni kavu yenye regyuleta (kifaa cha kupunguza msukumo), kisha mpake maji ya sabuni kwenye viungio.

Shekhe, gesi ikinirukia mkononi nifanyeje?
Uoshe mkono kwa maji ya uvuguvugu bila ya kuusugua, kisha uende hospitali. Ikiingia machoni, mimina maji safi kwa dakika 15 na upelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia.