Namna ya kumlipa daktari wa mifugo wa zamu hapa Lamu

Kliniki ya wanyama yenye daktari mmoja haikosi siku ambayo daktari huyo yuko likizo au ni mgonjwa, na punda hawangoji. Msokoto wa tumbo, ambao mara nyingine huletwa na mifuko ya plastiki wanayoila vichochoroni, unaweza kumuua punda kabla ya jua kutoka. Ndiyo maana tunaleta daktari wa muda ashikilie zamu za usiku na wikendi. Malipo yake huandaliwa hivi.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Kabla ya kupatana bei, pokea nambari yake ya usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya (KVB), leseni ya mwaka huu, PIN ya Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), na nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Asiye na usajili hagusi mnyama, hata kama anasifiwa vipi.

Hatua ya 2: Tenganisha kusubiri, kuitwa na safari

Ugomvi mwingi huanzia hapa. Wako wenye kliniki wanaotaka kulipa wito peke yake: usipoitwa, huna chako. Mimi naupinga mpango huo kwa moyo wote. Daktari wa zamu hawezi kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kumwona jamaa yake. Simu iko mkononi, mkoba wa dawa uko mlangoni, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Huyo yuko kazini. Usiku uliopita kimya ni usiku alioutoa, na lazima ulipwe.

Basi weka malipo ya zamu yasiyobadilika, aitwe asiitwe. Juu yake weka malipo ya kila wito: bei moja ya mjini na Shela, nyingine ya vijiji kama Matondoni na Kipungani, na ya tatu ya kuvuka bahari. Hiyo ya tatu ifikirie vizuri. Kwenda Pate au Faza hakupangwi kwa saa ya ukutani, kwa sababu mlango wa Mkanda ni wa maji haba na boti hungoja maji yajae. Daktari anaweza kumtibu ng'ombe kwa nusu saa, kisha akakaa pwani saa nne akingoja njia ya kurudi. Saa hizo za kungoja maji zilipe, kwa bei iliyoandikwa mapema. Nauli ya boti mlipe nahodha wewe mwenyewe. Usimwachie mgeni apatane bei gatini usiku wa manane.

Siku za Maulidi, mji unapofurika wageni na punda wakiingia mashindanoni, pandisha malipo ya zamu. Idi vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Mkataba wa ukurasa mmoja

Andika tarehe, bei zote, nani analeta dawa, na kwamba mwenye mnyama hulipa kliniki, si daktari mkononi. Angalia pia urefu wa muda. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na hapo mambo ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na makato mengine yanaingia.

Hatua ya 4: Daftari la wito

Kila wito huandikwa usiku uleule, kwa mtindo huu:

*Usiku wa kuamkia Jumamosi. Simu saa 7:40. Punda dume, Langoni, tumbo. Daktari amefika saa 8:05, ameondoka saa 9:30. Sahihi ya daktari, sahihi ya mwenye punda.*

Andika "kuamkia" kila mara. Ukiandika "usiku wa Ijumaa", mzee wa hapa atauhesabu usiku wa kuamkia Ijumaa, na karani kutoka bara atauhesabu unaofuata.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuseme mmepatana shilingi 2,000 kwa zamu, 2,500 kwa wito wa mjini na 4,000 kwa wito wa kijijini. Mwezi huu ameshika zamu 5 (10,000), ameitwa mjini mara 4 (10,000) na vijijini mara 2 (8,000). Jumla ni 28,000.

Ada ya kitaalamu ikifika 24,000 kwa mwezi, unakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa jumla yote. Hapa ni 1,400, na daktari anapokea 26,600. Ikiwa chini ya 24,000, hukati kitu. Ulichokata kipeleke KRA ndani ya siku 5 za kazi kupitia iTax, mtandao wake wa kodi, na daktari apate cheti chake.

Pokea ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Bila hiyo KRA haikubali matumizi hayo katika hesabu zako. Tiba ya mifugo imesamehewa VAT, kwa hivyo asilimia 16 isionekane humo.

Hatua ya 6: Tuma

Tuma kwa M-Pesa siku mliyoahidiana, ongeza ada ya kutoa, na unakili nambari ya muamala daftarini. Mpelekee mchanganuo kwa ujumbe: zamu, wito, kungoja maji, kodi. Akiwa na swali, mfungue daftari pamoja kabla hajapanda boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda.