Kumeza Vidonge vya Kuongeza Damu Tumbo Linaposumbua

Katika kliniki za wajawazito za Dar es Salaam, vidonge vinavyotolewa mara nyingi ni FEFO, yaani madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Tumbo linapochafuka, wengi huviacha kimyakimya, jambo linalonihuzunisha, kwa kuwa mara nyingi inatosha kubadili saa ya kumeza.

Chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini hapo ndipo kichefuchefu huzidi, na kidonge kilichotapikwa hakimfai mama wala mtoto. Meza jioni, baada ya chakula chepesi, kwa maji au juisi ya machungwa, ambayo vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa. Mwenye kiungulia atumie maji matupu, na asilale papo hapo.

Chai ndiyo kikwazo kikubwa, iwe ya rangi au ya maziwa, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Iache kwa saa moja au mbili kabla na baada ya kidonge. Dawa za kiungulia na vidonge vya kalsiamu navyo vitengwe kwa saa kadhaa. Pemba, ule udongo unaouzwa sokoni, huzuia chuma vilevile na hufunga choo, hivyo unayeutamani mweleze muuguzi bila aibu, kwa sababu hamu hiyo yenyewe huweza kuambatana na upungufu wa damu.

Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, papai, maharage na tembele. Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza chuma. Ila kikiwa cha kunata kama lami, chenye harufu kali, au ukipata kizunguzungu, nenda hospitali mara moja, hasa kama una vidonda vya tumbo. Fanya hivyo pia ukitapika kila unachokula na kunywa.

Ukishindwa kabisa, omba kubadilishiwa aina ya chuma au kipimo badala ya kujinunulia duka la dawa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 400 (miligramu 0.4) za asidi ya foliki kwa siku, ilhali kidonge chake cha miligramu 5 hudhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria unayopewa kliniki. Kwa hiyo nenda na kila kidonge ulichonacho nyumbani, muuguzi akione.