Namna ya Kuchagua Hema Jepesi kwa Milima Yenye Upepo

Mkazi wa Dar es Salaam anayependa kupanda milima huwa ameuzoea upepo wa baharini, ambao huvuma kwa mwendo usiobadilika sana na kutoka upande mmoja kwa saa nyingi, na kwa hiyo anapokwenda kununua hema huuliza maswali mawili tu: lina kilo ngapi, na linalaza watu wangapi. Maswali hayo ni ya haki kwa mtu atakayelibeba mgongoni mwenyewe. Hata hivyo, katika uwanda wa Lukwangule juu ya milima ya Uluguru, au kwenye migongo ya mlima Hanang unaofikia takriban mita 3,420, au katika kambi ya Barafu kule Kilimanjaro iliyo juu ya mita 4,600, kinachoamua kama utapata usingizi ni swali la tatu, nalo ni hili: upepo ukilipiga hema ubavuni usiku wa manane, msukumo wake unapokelewa na nini?

Inafaa kukumbuka kwamba msukumo wa upepo hauongezeki kwa kiwango kile kile cha mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne, kiasi kwamba hema linalotikisika kidogo tu katika upepo wa kilomita 30 kwa saa hubeba mzigo wa mara nne upepo unapofika kilomita 60. Tena milimani upepo hauji kwa utaratibu. Huja kwa dharuba, hutulia, kisha hurudi kutoka upande mwingine, kwa kuwa mchana hewa yenye joto hupanda miteremko na usiku hewa ya baridi huishuka, na wakati wa kusi pepo hizo za mlima hukutana na upepo mkubwa unaotoka baharini.

Kwa sababu hiyo umbo la hema ndilo la kuangaliwa kwanza, kabla ya uzito. Hema la umbo la handaki, lenye fito zilizopinda kwa kufuatana kama mbavu, huwa jepesi na lenye nafasi, na husimama vizuri sana likielekezewa upepo kwa ncha yake nyembamba. Lakini upepo ukigeuka na kulipiga ubavuni, hulala. Hema la nguzo moja katikati, ambalo wawindaji wengi wa milima ya Marekani hulipenda kwa sababu halina sakafu na baadhi ya aina huruhusu jiko la kuni lenye bomba la moshi, ni jepesi kupita yote na huukwepesha upepo wa kila upande, ila linategemea vigingi kwa kila kitu, na katika udongo tifutifu kigingi kimoja kikichomoka ukuta mzima hulegea. Lililobaki ni la umbo la kuba. Hapa pia pana tofauti kubwa kati ya kuba la fito mbili zinazokutana mara moja tu kileleni, ambalo ndilo linalojaa madukani, na kuba la fito tatu au nne zinazopishana mahali pengi. Hilo la pili huongeza nusu kilo hadi kilo nzima, na kwa maoni yangu, kwa mtu anayekwenda juu ya msitu, mahali pasipo na mti wa kumkinga, nusu kilo hiyo haina mjadala.

Baada ya umbo, zikague fito. Mahema mengi ya bei nafuu ya Kariakoo huwa na fito za faiba, ambazo ni nene, nzito, na zina tabia mbaya ya kupasuka kwa urefu bila kutoa dalili, zikiacha vibanzi vinavyochoma mikono na kutoboa kitambaa. Fito za alumini ya kiwango kizuri hupinda kabla ya kuvunjika, na ufito uliopinda bado unaweza kukusitiri hadi asubuhi. Hakikisha pia kwamba umepewa kipande cha bomba dogo, chenye urefu wa kidole au zaidi, kinachovalishwa juu ya mahali palipovunjika na kufungwa kwa utepe wa gundi; kama hakimo mfukoni, kitafute kabla ya safari.

Sasa lipo jambo ambalo wauzaji karibu hawalitaji kamwe, ingawa mimi hulitazama mara tu ninaposhika hema dukani. Kigeuze kitambaa cha nje ndani-nje, kisha tafuta mahali ambapo kamba za kukazia zimeshonewa, hasa zile za katikati ya ukuta. Katika hema lililofikiriwa vizuri utaona, upande wa ndani wa mahali pale pale, kifungo kidogo cha utepe au cha kitambaa cha kunata, ambacho huzungushwa kwenye ufito na kuufunga. Kifungo hicho hufanya kamba ivute ufito, na ufito ndio ubebe mzigo. Kisipokuwepo, kamba huvuta kitambaa kitupu. Kitambaa hujaa upepo, ufito hubaki peke yake bila msaada, na mshono ule mdogo ndio unaopokea kila kishindo. Vuta mshono wenyewe kwa vidole viwili: unapaswa kuwa na kiraka cha kitambaa cha ziada nyuma yake na nyuzi zilizorudiwa, na matundu ya sindano yasifunguke unapovuta. Hesabu sehemu za kufungia kamba pia. Hema la watu wawili lenye sehemu nne tu, zote pembeni chini, halikukusudiwa kwa mlima.

Kuhusu kitambaa, maandishi ya kwenye lebo huwachanganya wengi. Namba inayofuatwa na herufi D huonyesha unene wa uzi, yaani uzito kwa gramu wa uzi huo wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo 20D ni uzi mwembamba sana, na 70D ni mzito. Namba ya milimita huonyesha urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kuyabeba kabla hayajapenya, na kwa kawaida milimita 1,500 hadi 3,000 hutosha kwa paa, ilhali sakafu, inayokandamizwa na magoti na viwiko, inahitaji zaidi. Nailoni ina nguvu nyingi kwa uzito wake, lakini ikilowa hurefuka na kulegea, na kitambaa kilicholegea hugeuka tanga. Ukiichagua, jua kwamba itakubidi utoke nje usiku ukakaze kamba. Polyesta hurefuka kidogo mno na hustahimili jua vizuri zaidi.

Jambo la kuzuia maji nalo lina uzito wa pekee kwa sisi tunaoishi pwani. Vitambaa vingi hupakwa poliurethani, ambayo katika joto na unyevunyevu huoza polepole, ikawa yenye kunata na kutoa harufu kali, hasa hema likihifadhiwa likiwa limebanwa kwenye mfuko wake. Kitambaa kilichopakwa silikoni pande zote mbili hakina ugonjwa huo, na kwa kawaida huwa kigumu zaidi kuchanika, ila utepe wa kuziba mishono haushiki juu yake, kwa hiyo huenda ukalazimika kuipaka mishono mwenyewe silikoni isiyo na rangi na kuiacha usiku mzima ikauke. Ukinunua hema la mtumba, linuse na uguse sakafu yake kabla ya kutaja bei.

Hema la ndani, yaani chumba cha kulalia kilicho chini ya kitambaa cha nje, liwe na kitambaa kamili angalau nusu ya ukuta. Wavu mtupu unafaa Bagamoyo. Mlimani huingiza baridi na vumbi. Paa la nje nalo lishuke karibu na ardhi.

Vigingi vinavyokuja na hema jepesi mara nyingi ni vya waya mwembamba, na havifai kitu katika nyasi laini za milimani zenye mboji, ambako kinatakiwa kigingi kirefu cha alumini chenye mabawa matatu, kinachopigiliwa kikiwa kimeinamia mbali na hema. Penye mawe matupu kigingi hakiingii kabisa, na hapo utafunga kamba kwenye jiwe dogo, kisha utalikandamiza kwa jiwe kubwa mbele yake ili lisiburutwe. Kazi hiyo hula kamba, kwa hiyo beba mita kadhaa za ziada.

Ndipo sasa turudi kwenye kilo. Watengenezaji wengi hutaja uzito wa aina mbili, mmoja wa hema la ndani, paa na fito peke yake, na mwingine wa kila kitu pamoja na vigingi, kamba na mifuko. Linganisha mahema kwa uzito wa pili, na ikiwezekana uyapime mwenyewe. Kwa watu wawili, hema imara lenye kilo 2 hadi 3 ni la kukubalika, kwani mmoja atabeba fito na vigingi na mwenzake atabeba vitambaa. Lililo chini ya kilo moja na nusu lina kitu kilichopunguzwa, na ni juu yako kukitafuta: ni unene wa uzi, ni idadi ya fito, au ni vile vifungo vya ndani. Ambaye safari yake ya mwaka mzima ni Kilimanjaro tu, ambako kampuni za utalii huleta mahema na wapagazi, hana haja ya kununua. Na Moshi na Arusha vipo vifaa vya kukodi.

Kabla ya safari ya kwanza, lipeleke hema Kigamboni au Kunduchi alasiri moja ya Julai, wakati kusi imeshika. Mchanga haushiki vigingi, kwa hiyo jaza mchanga kwenye viroba vidogo, vifunge kamba katikati na uvizike. Lisimamishe hema kwa ubavu ukiuelekea upepo, funga kamba zote, kisha ingia ndani na utazame fito zinavyopinda. Baada ya hapo legeza kamba za ubavu mmoja na utazame tena. Tofauti utakayoiona itakuonyesha ni kamba zipi za kufungwa kwanza siku utakapofika kambini gizani. Ukirudi nyumbani, lioshe chumvi kwa maji baridi, lianike kivulini hadi likauke kabisa, na ulitundike kabatini likiwa limelegea, nje ya mfuko wake.