Namna ya Kuandaa Ratiba ya Shughuli za Utamaduni kwa Watu wa Mtaa, Unguja

Anayetaka kuwaandikia watu wa mtaa wake ratiba ya shughuli za sanaa na utamaduni zinazokuja hana budi aanze kwa kujua kila shughuli inafuata kalenda ipi, kwa sababu hapa Unguja tunaishi na kalenda tatu kwa pamoja, na kila moja ina mwendo wake.

Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo. Maulidi husomwa zaidi Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku 10 au 11, tarehe ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Andika tarehe ya makadirio, ongeza maneno "kutegemea kuandama kwa mwezi", kisha urekebishe mwezi ukishatangazwa. Jambo linalowakosesha watu zaidi ya yote ni usiku. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wakati vijana wengi wakisikia maneno hayohayo hufahamu usiku unaoufuata. Mwaka mmoja niliandika kwa chaki kwenye ubao wa maskani yetu, pale tunapokutana watu wa mtaa: "Maulidi ya homu, usiku wa Ijumaa, saa 3." Homu ni maulidi yasomwayo kwa safu na miondoko. Wazee walifika Alhamisi, kanzu zimepigwa pasi, mmoja amekuja na mjukuu wake ili amwoneshe jinsi safu ya wasomaji inavyopiga magoti na kuyumba kwa pamoja kama wimbi. Walikaa barazani mpaka karibu saa 5, wakarudi nyumbani. Maulidi yenyewe yakasomwa kesho yake. Lile lilikuwa kosa langu, na bado linaniuma, kwa sababu mzee aliyevunjika moyo si rahisi kutoka tena usiku. Tangu siku ile huandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", na chini yake huweka tarehe.

Kalenda ya pili ni ya Nairuzi, hesabu ya jadi ya mwaka wa jua, ambayo ndiyo msingi wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila ya siku ya nyongeza, kwa hiyo ukiulinganisha na kalenda ya ukutani hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa zama zetu huangukia mwezi wa Julai, lakini siku yenyewe waulizwe wazee wa Makunduchi, kwani wao ndio wenye mwaka. Katika ratiba waeleze watu wawahi kufika, wasije wakakuta wanaume wa pande mbili wameshamaliza kupigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti kimeshateketezwa. Wajulishe pia kwamba mila inataka kila nyumba ipate mgeni siku hiyo, hivyo asiyekuwa na jamaa kule asione haya kwenda.

Kalenda ya tatu, ile ya kawaida, huonekana rahisi, lakini nayo inahitaji uangalifu. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari, na Ngome Kongwe ndiyo makao yake ya miaka mingi. Hata hivyo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Tamasha la filamu la Nchi za Jahazi (ZIFF), lililoanza mwaka 1998, watu wamelizoea Juni au Julai, ilhali mwaka 2024 lilifanyika mwanzoni mwa Agosti. Kwa hiyo thibitisha kwa waandaaji wenyewe, na uulize kiingilio cha wenyeji ni kiasi gani na ni sehemu zipi zisizolipiwa, kwani wengi wa mtaani hubaki nyumbani wakidhani kila kitu ni cha wageni.

Shughuli za unyago zisiandikwe kabisa, hata kama umeambiwa siku yake. Hizo ni za wanawake na zina njia yao ya kualikana.

Ukishamaliza, andika chini ya ubao siku uliyothibitisha mara ya mwisho, kisha siku mbili kabla ya kila shughuli wapigie simu wenye shughuli. Palipobadilika, futa mstari wote uuandike upya, kwa sababu tarehe iliyokatwa na kuandikiwa juu husomwa vibaya na mpita njia wa jioni.