Jinsi ya kuomba kibali cha kuchunguza meli iliyozama Mombasa

Kabla ya kujaza fomu yoyote, amua unaomba nini: kutazama, kupima, au kuchimba. Maombi mengi hukwama hapa, kwa kuwa mwombaji ameandika "utafiti" tu na ofisi haijui kama atakwenda na kamera au na pampu ya kufyonza mchanga. Kibali cha kutazama si kibali cha kuchimba, na kibali cha kuchimba si ruhusa ya kuondoka na kitu.

Amua pia meli yako ni ya umri gani. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaitia meli iliyozama, ikishapita miaka 50, katika turathi za nchi. MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa kisiwa ili iwe makao ya samaki na mahali pa wazamiaji kutalii, haimo. Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa, imo. Kwa meli ya aina hii ya pili, fuata njia ifuatayo, na usiruke hatua.

Anza Fort Jesus

Mlango wa kwanza ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kwa Mombasa mlango huo uko Fort Jesus. Unachotafuta ni barua ya ushirika, yaani Makavazi wakubali kwa maandishi kwamba utafanya kazi chini yao, pamoja na mwanaakiolojia wao. Mgeni asiye na taasisi ya Kenya inayomshika mkono hatafika mbali, maana barua hiyo itadaiwa kwenye hatua inayofuata.

Peleka kurasa mbili, zisizidi: nyinyi ni kina nani, mmesomea nini, mna saa ngapi za kuzamia, meli iko wapi, mtaifanyia nini, lini, na nani analipa.

Kuhusu "iko wapi", kuwa makini sana. Andika latitudo na longitudo, kisha utaje zimepimwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za zamani za Kenya zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali kifaa cha GPS hutumia WGS84. Ukichanganya hiyo miwili, alama yako inahama karibu mita 300, na kwenye mlango wa bandari umbali huo unatosha kukutoa majini ukakuweka juu ya mwamba. Kina nacho kina mtego wake. Maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, kwa hiyo "mita 14" bila tarehe, saa na hali ya maji haimwambii mtu kitu.

Andiko la mradi, na hasa sehemu ya kuhifadhi

Andiko hili ndilo litakalobeba au kuzamisha maombi yako. Fuata kanuni 36 zilizoambatishwa kwenye Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu turathi za chini ya maji, kwa sababu ndizo wataalamu wanazopimia mradi. Kanuni ya kwanza yasema kuiacha meli mahali ilipo ndiyo njia ya kufikiriwa kwanza. Basi ukitaka kuchimba, eleza ni swali gani lisiloweza kujibiwa kwa kupima na kupiga picha peke yake. "Tunataka kujua kuna nini" si jibu. "Tunataka kujua mataruma (mbavu za meli) yalifungwaje kwenye mkuku (uti wake wa chini), nasi tunaomba kufunua eneo la mita 2 kwa 3 baina ya farumi (mawe ya uzito) na shetri (sehemu ya nyuma)" ni jibu.

Halafu eleza kila utakachokitoa kitawekwa wapi. Hapa ndipo tunapowasihi waombaji wasifanye haraka. Mbao iliyokaa majini karne tatu seli zake zimekwisha kuliwa, na kinachoshika umbo lake ni maji yenyewe. Ikikauka, inajikunja na kupasuka, wala hairudi tena. Chuma kimejaa chumvi ndani, nacho kikianikwa hutoka maganda hadi kikaisha. Mzinga wa chuma hukaa kwenye maji ya alkali, pengine na umeme mdogo ukipitishwa, kwa miezi na hata miaka. Mzinga wa urefu wa mita 2 unataka tangi la mita 2.5 kwa 0.8 kwa 0.8, ambalo ni lita 1,600 za kubadilishwa mara kwa mara. Andika tangi liko wapi, nani ataliangalia mkisharudi kwenu, na fedha zake zimetoka wapi. Kwa maoni yetu, bajeti ya kuhifadhi ikiwa ndogo kuliko ya kuzamia, mradi hauko tayari kuchimba.

Kumbuka ilivyokuwa kwa Santo António de Tanná. Makavazi na Taasisi ya Akiolojia ya Meli ya Marekani walichimba kuanzia 1977 hadi 1980, wakatoa maelfu ya vitu, lakini mwili wa meli waliupima, wakauchora, wakaufukia tena.

Leseni mbili

Ya kwanza ni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoombwa mtandaoni. Pakia andiko, barua ya ushirika, kitambulisho au pasipoti na picha, kisha ulipe. Ada hutofautiana kwa raia na mgeni, mwanafunzi na taasisi. Ikiwa mtawahoji wavuvi, na mnapaswa kuwahoji kwa kuwa wao ndio wanaojua nyavu hunasa wapi, pateni kwanza idhini ya kamati ya maadili. Leseni ikitoka, someni masharti yake: yanasema wazi kwamba uchimbaji, upigaji filamu na uchukuaji wa sampuli vinahitaji ruhusa zaidi. Yanawataka pia mjitambulishe kwa Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Gavana kabla ya kuanza.

Ya pili ni leseni ya uchunguzi chini ya sheria ya 2006, inayotolewa na Waziri anayehusika na turathi. Hapa mnapimwa kwa elimu, uzoefu, na kuungwa mkono na taasisi ya kuaminika. Ipitisheni kwa Makavazi.

Ruhusa za majini

Penye njia ya meli, mwandikieni mkuu wa bandari katika Halmashauri ya Bandari, mkitaja chombo, boya na saa za kazi. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, ongezeni KWS, shirika la wanyamapori linaloisimamia. Walinzi wa Pwani wapewe nakala, na kamati ya wavuvi wa ufuo, BMU, ijulishwe kwa mdomo na kwa barua, maana wazamiaji wasiojulikana huonekana wezi.

Ombeni tarehe za kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia. Kusi likivuma mtalipia mashua isiyotoka. Ndani ya kipindi hicho chagueni siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, kwani siku za bamvua mkondo wa mlangoni unakokota na maji yanakuwa na tope. Anzeni maombi miezi sita kabla, angalau.

Ukiikuta bila kutafuta

Mvuvi au mzamiaji aliyeikuta meli au kitu chake kwa bahati awaarifu Makavazi ndani ya siku saba, akieleza mahali na jinsi alivyokiona. Kilichoko chini kiachwe. Kama tayari kimepanda na wavu, kiwekwe kwenye ndoo ya maji yaleyale ya bahari, kisisuguliwe, kisianikwe, kipelekwe Fort Jesus.

Baada ya kazi

Shimo lililofunuliwa lifunikwe tena kwa mchanga, na mifuko ya mchanga juu yake pale mkondo unapokwangua. Ripoti ya mwisho iende Makavazi na NACOSTI. Sampuli yoyote inayokwenda maabara ya nje, hata kijiti cha mbao cha kupimwa umri, iombewe kibali chake cha kutoka nchini kabla haijafika uwanja wa ndege.