Pumzisha malisho kabla udongo haujaondoka
Ng'ombe wangu saba wako Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Zamani niliwaachia eneo zima. Mteremko ukabaki kipara, masika yakazoa udongo hadi mizizi ya mwembe ikawa nje.

Gawa malisho vipande vinne kwa seng'enge. Wahamishe majani yakibaki kimo cha kiganja, usisubiri yaishe! Mzizi hulishwa na jani. Jani likiliwa lote, mzizi hufupika na maji ya mvua hayazami. Kwenye mteremko, mvua za kwanza za Machi zikianza, panda mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe, kwa mistari inayokatisha njia ya maji. Yanashika udongo, na ukiyakata ni chakula. Mwaka huu mwezi wa tisa sikununua hata mzigo mmoja wa majani.