Kusimika nguzo za parafujo bila kuumiza mtu

Nguzo ya parafujo ni bomba la chuma lenye bapa lililopinda kama uzi wa skrubu karibu na ncha. Huzungushwa ardhini na mota ya haidroli iliyofungwa kwenye mkono wa eskaveta. Huchimbi shimo wala husubiri zege likauke. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, inafaa mno, mradi bapa lifike chini ya tabaka linalocheza.

1. Tafuta ramani za nyaya na mabomba ya chini, kisha chimba kwa mkono palipo na shaka. Tazama na juu: bomba la mita 3 likining'inia chini ya mota, mkono wa eskaveta hupanda kuliko opereta alivyozoea.

2. Simamisha mashine pakavu na pa tambarare. Nguvu inayozungusha nguzo huirudia mashine yenyewe. Ikiwa juu ya kifusi, itayumba.

3. Zungushia eneo utepe. Anayetoa ishara awe mmoja tu, na akipotea machoni pa opereta, mota izimwe.

4. Funga pini inayounganisha bomba na mota, pamoja na klipu yake. Chora mstari wa chaki ulionyooka kutoka juu ya bomba hadi chini. Anza polepole. Kupima timazi, yaani kama bomba limesimama wima, ni mota ikiwa imesimama, pande mbili. Bomba linalozunguka halishikwi, hata kwa glavu. Glavu ndiyo inayovuta mkono.

5. Hapa ndipo penye kazi. Bapa la hatua ya milimita 75, yaani pengo kati ya mwanzo na mwisho wa mzunguko wake mmoja, lishuke karibu milimita 75 kila mzunguko. Likizunguka bila kushuka, linakoroga udongo tu: simama, ongeza mgandamizo wa kulisukuma chini. Andika torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kila nusu mita. Kwa bomba la milimita 73, kizidisho cha kawaida cha kugeuza torki kuwa mzigo ni 30 kwa mita: torki ya kilonyutoni-mita 5 ni uwezo wa mwisho wa kubeba kilonyutoni 150. Gawanya kwa 2 kwa ajili ya usalama, ubaki na kilonyutoni 75, kama tani 7.5. Hesabu hiyo aithibitishe mhandisi.

Torki ikiruka ghafla, umegonga jiwe. Usilazimishe. Mstari wa chaki ukianza kujiviringisha kwenye bomba, chuma kinasokoteka na pini inaweza kukatika na kuruka. Ng'oa, umwite mhandisi akuoneshe pa kuhamia.

6. Kata kichwa cha nguzo kwa usawa uliopimwa, sugua makali yaishe, funika mdomo wa bomba siku hiyohiyo.